Mtoto Hajamaliza Kusema

Kwa Vonza, Kitui

Kwa mwanangu mpenzi Mueni,

Salamu zangu zikufikie hapo Mbooni pamoja na wote wa nyumba yako. Natumaini kifua cha mumeo kimepata nafuu na baridi ya milima haiwasumbui sana. Mimi nipo, namshukuru Mungu, ingawa magoti hayataki tena ngazi za kanisa, na joto la huku hunichosha kabla asubuhi haijaisha. Uniwie radhi kwa mwandiko huu mbovu. Uniwie radhi pia kwa kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu huwa una haraka, nami jambo hili siwezi kulisema kwa haraka.

Tangu ndugu yako Musyoka ahamishiwe kazi Mombasa, naishi peke yangu nyumbani kwake, nikiwatunza kuku. Siku ni ndefu. Nilikuwa nimezoea kumngoja mama yako amalize sentensi zake. Sasa hakuna wa kumngoja.

Ulinijulisha kwamba mjukuu wangu Ndinda akiitwa kusoma darasani hukwama kwenye neno la kwanza, wenzake hucheka, na mwalimu wake amesema anawachelewesha wengine. Ukasema muhula huu ukiisha utamtoa shule, akasaidie dukani kwa shangazi yake Matiliku. Samahani, sikukujibu. Wewe ndiwe mama yake, nami ni mzee ninayekaa mbali.

Basi Jumapili, baada ya ibada, vijana wa kanisa walileta filamu. Waliziba madirisha kwa leso za akina mama, wakatundika shuka ukutani. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, pasta akaniita nitafsiri kwa Kikamba, kama ninavyowatafsiria wageni wanaokuja kuhubiri. Unajua desturi yetu: mkalimani hasemi “amesema hivi.” Husema “mimi,” kana kwamba maneno ni yake mwenyewe. Nikasimama kando ya shuka na fimbo yangu, nikawa mwalimu, nikawa mtoto, nikawa hata mama aliyekasirika. Nilipokuwa mama watu walicheka sana.

Filamu ilikuwa ya msichana mwenye kigugumizi. Nilipotambua hivyo nilitamani kuketi, lakini hapakuwa na mwingine wa kushika kazi ile. Ikafika mahali mwalimu mgeni alimwomba mtoto ataje jina lake mbele ya darasa. Mtoto akafungua kinywa, ikatoka sauti moja, ikakatika. Nami nikanyamaza.

“Mkalimani, mbona umenyamaza? Si ututafsirie!” akaita jirani yangu, Nduku, kutoka viti vya nyuma.

“Hajasema bado.”

“Amekwama?”

“Amekwama.”

Pasta akawaambia vijana, “Sogezeni mbele kidogo, saa zimeenda.”

Nduku akasimama. “Pasta, wewe kila Jumapili unasema ‘neno la mwisho’ mara tatu na tunakungoja. Huyu mtoto amekukosea nini?”

Kanisa likaangua kicheko, pasta naye akacheka, filamu ikaachwa iendelee. Yule mwalimu hakummalizia mtoto neno. Alivuta kiti, akaketi, akamtazama kana kwamba siku ile haikuwa na kazi nyingine. Kanisa lote likatulia. Hatimaye msichana akalitaja jina lake.

Nami nikatafsiri: “Naitwa Ndinda.”

Silo jina alilosema. Hakuna aliyejua. Kama tunavyowapokea wageni wanaposimama kujitambulisha, kanisa zima likaitikia, “Karibu, Ndinda!”

Sikuweza kuendelea. Kijana mmoja alichukua nafasi yangu, nikatoka nje.

Mueni, mama, nisamehe kwa kuingia katika mambo ya nyumba yako. Ndinda wa kwanza, mama yako, alikwama kwenye jina langu tangu arusi yetu hadi siku zake za mwisho, na ni kwa sauti hiyo iliyokwamakwama ulijifunza kuomba. Nakusihi usimtoe mtoto shule. Nimemwambia Musyoka atafute mtu wa kuwatunza kuku. Nakuja nyumbani, huko Mbooni. Nitamwona mwalimu wake na kumwomba kwa adabu ampe mtoto nafasi amalize. Mlima utaninyima pumzi, lakini nitapanda polepole.

Nisalimie mumeo, na mama mkwe wako anayeuliza kila mara kama nimekonda. Nimekonda. Nisalimie na wifi yako wa Matiliku, umwambie kwa upole atafute msaidizi mwingine.

Na yule mke wangu mdogo, mwenye jina la bibi yake, mpe simu Jumapili alasiri. Tafadhali usimsaidie neno hata moja. Nisiposikia kitu, nitajua yupo, na sitakata.

Ni mimi baba yako,
Mutua