Mafuta ya Cherehani

Sherbrooke, 6 Mei

Mwanangu Maxime,
Hujambo? Calgary kwema? Mimi mzima, ila magoti yananiuma. Nimeitoa bandani baiskeli ya marehemu baba yako, naipanda kila asubuhi. Breki zilikuwa zikipiga kelele mpaka mbwa wa jirani anabweka, basi nimezimiminia mafuta ya cherehani. Sasa kimya kabisa. Kesho naenda nayo kwa mama yako mdogo Lucette.
Mama yako, Huguette

Calgary, 7 Mei

Shikamoo Mama,
Barua pepe yako nimeiona asubuhi hii. Tafadhali usipande. Breki hazitiwi mafuta, zikilowa hazishiki. Mafuta ni ya mnyororo. Na magoti yanauma kwa sababu kiti kiko chini mno. Nimepiga simu, hupokei. Nijibu.
Mwanao, Maxime

Calgary, 8 Mei

Mama, uko wapi? Hata Lucette hapokei. Niandikie neno moja tu.
Maxime

Sherbrooke, 11 Mei

Mwanangu,
Niko kwa Lucette, naandika kwa mkono mmoja. Niliteremka ule mlima wa kanisani, nikabana breki, wapi. Chini kulikuwa na basi linapita. Nikakata kona nikaingia kwenye ua wa miti wa Bwana Gagnon. Nimevunjika mtulinga, mfupa wa begani. Barua yako niliisoma nikiwa nimeshafungwa bendeji. Gagnon ananiuliza, “Huguette, mlango huuoni?” Nilicheka huku nalia.

Usinigombeze. Tangu baba yako atutoke nilikuwa natoka kitandani naenda kwenye kiti, basi. Baiskeli ndiyo iliyonitoa nje.
Mama yako

Calgary, 12 Mei

Mama, pole sana. Sikugombezi, naogopa tu. Nimempoteza baba, sitaki kukupoteza na wewe. Nimekuandikisha kwenye makao ya wazee pale ng'ambo ya mto. Wana bustani, wana muuguzi. Baiskeli mpe mtu.
Mwanao, Maxime

Sherbrooke, 19 Julai

Mwanangu mpenzi,
Habari za siku nyingi? Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira haiandiki vizuri. Bega limepona. Fundi amenibadilishia raba za breki, amekiinua kiti. Magoti yametulia.

Jana nilikwenda kuyaona makao uliyonichagulia. Pazuri kweli. Nilikunywa kahawa na akina mama wa pale, kisha nikawaomba wasimamizi wampe mwingine nafasi yangu. Nilikwenda kwa baiskeli. Kwenye mlima wa kanisani nilishuka baiskelini nikaikokota.

Najua unanipenda, Maxime. Nipende nikiwa natembea.
Mama yako, Huguette

Calgary, 21 Julai

Shikamoo Mama,
Nilikasirika. Nikamsomea mke wangu barua yako, akasema, “Mama mzima huyu, wewe ndiye mgonjwa.”

Nimepata likizo Septemba. Nitafutie baiskeli ya kuazima. Sijapanda tangu nilipohama nyumbani, kwa hiyo siku ya kwanza twende polepole, na wewe utangulie.
Mwanao, Maxime