Miwani ya Marehemu Nyanya

Shule ya Wasichana, Kitale
3 Februari 2004

Mpendwa Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shangazi Wilkista na wote wa Kamukuywa. Mimi mwili ni mzima, isipokuwa kichwa na macho, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Tangu shule ifunguliwe ninavaa miwani ya marehemu nyanya, kama baba mkubwa Wangila alivyoagiza siku ya kugawa vitu vyake. Unakumbuka alivyosema kwamba mimi ndiye mwenye jina la nyanya, na tena ndiye nisiyeona ubao, basi miwani imepata mwenyewe. Watu wakapiga makofi, nami nikapokea kwa mikono miwili.

Mama, unisamehe kwa nitakayosema. Miwani hiyo inanitia kinyaa. Pale inapokaa puani pana uchafu wa kijani ulioganda. Niliuchokoa kwa pini ukatoka laini kama nta, ukinuka ugoro. Mkono mmoja umefungwa kwa uzi, na uzi wenyewe ni mweusi kwa jasho la miaka. Juzi nilikuta unywele mweupe umenasa kwenye bawaba. Nilimpenda nyanya, lakini kila asubuhi nikiinama kunywa uji ile harufu inanifikia kabla ya uji.

Tena hainisaidii. Nikiivaa sakafu inapanda, natapika, na ubao unapotea zaidi. Mwalimu Kimaiyo wa Fizikia huandika mitihani ubaoni kwa sababu karatasi ni chache. Mwezi uliopita nilinakili nane mahali palipokuwa na tatu, swali baada ya swali. Amesema atakayeanguka mtihani wa Machi ataondolewa kwenye Fizikia, na ukiondolewa hutarudi tena. Mama, Fizikia ndilo somo ninalolipenda kuliko yote.

Kuna mpimaji wa macho hapa mjini, Daktari Sharifo, ana duka karibu na msikiti. Anawapima wanafunzi, na kuhusu malipo shule imeelewana naye. Naomba ruhusa yako niende, na miwani ya nyanya niiweke sandukuni.

Ni mimi mwanao,
Nekoye


Kamukuywa
12 Februari 2004

Kwako mama mkwe wangu mdogo,

Hatujambo huku, mahindi ya mwaka jana bado yapo na ng'ombe amezaa. Nashukuru kusikia uko hai, ingawa barua yako sikuifurahia.

Uchafu unaousema ni wa nani? Ni wa mwanamke aliyekubeba mgongoni mimi nikiwa shambani. Mimi nilimuosha mwaka mzima alipokuwa hajiwezi, na sikuziba pua. Wewe mwenye jina lake, ambaye mimi mwenyewe nakuita mama mkwe, unachokoa jasho lake kwa pini na kuniandikia. Nimeona haya kwa niaba yako.

Kama ni chafu, ioshe kwa majivu. Wangila aliitoa mbele ya ukoo mzima. Ukiikataa, watasema mimi ndiye niliyekufundisha kumkataa mama yao. Macho yatazoea. Hata viatu huzoewa.

Shangazi yako atakuja Jumapili ya wageni, tarehe ishirini na mbili, aone kama umeivaa.

Mama yako


Shule ya Wasichana, Kitale
26 Februari 2004

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu, na umwambie shangazi asante kwa ndizi. Barua hii naiandika nikiwa na jicho moja wazi.

Shangazi alifika Jumapili akanikuta nimeivaa kama ulivyotaka. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoa maji, akasema ni moshi wa jikoni. Akanivua miwani ili anionyeshe nyanya alivyokuwa akisoma zaburi. Akaivaa, akasoma, akalia kidogo kwa kumkumbuka. Kisha akapangusa macho yake kwa kona ya leso, akatemea vioo mate, akavipangusa kwa kona ile ile, akanirudishia miwani usoni kwa mikono yake mwenyewe. Mama, ilikuwa na unyevu. Nilisimama nikitabasamu kwa heshima huku nikihisi ule unyevu ukinishuka puani.

Jumanne nilishindwa kufungua macho. Kope zilikuwa zimegandana kwa usaha wa njano, mgumu kama maganda ya uji kwenye sufuria. Rispah, ninayekaa naye dawati moja, alinishika mkono hadi bombani, naye akageuza uso nilipokuwa nikizibandua. Matroni ndiye aliyenipeleka kwa Daktari Sharifo. Sikwenda kwa kukuasi.

Daktari ni mwanamke mrefu, anavaa buibui na juu yake koti jeupe, na hana haraka. Aliishika miwani ya nyanya kwa vidole viwili, kama anayeshika panya mkia.

"Hii ulipewa na nani?"

"Nyanya yangu. Ameaga dunia. Mimi nina jina lake."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Themanini na kitu."

"Na wewe kumi na saba. Sasa alikuachia jina, ama alikuachia na macho?"

Akanieleza kwamba vioo vya nyanya ni vya mzee anayetaka kuona cha karibu, kama sindano au Biblia. Mimi cha karibu nakiona vizuri, cha mbali ndicho ukungu, kwa hiyo nahitaji vioo vya namna nyingine kabisa. Nikivaa vyake ndipo kichwa kinauma. Alisema hata ningeiosha kwa majivu hadi ing'ae, bado si yangu. Tena majivu yanakwaruza vioo.

Kwanza amenipa dawa ya matone ya kutibu usaha. Amekataza kutia machoni chai, asali au maziwa ya mama, na amekataza kushiriki taulo, beseni na leso. Tafadhali mwambie shangazi, ule si moshi. Aende hospitali, nanyi wengine msitumie beseni lake.

Kisha akanichagulisha fremu. Nilishika ile nyembamba ya dhahabu. Akaniambia, "Hiyo itapinda siku utakayoikalia, na utaikalia." Akanipa ya plastiki, ya kahawia, nene, kwa sababu vioo vyangu vitakuwa vinene pembeni na hii itavificha. Sipendezi sana nayo, lakini haina jasho la mtu.

Hatakata vioo bila barua ya mzazi. Mtihani ni tarehe thelathini na moja Machi. Mama, naomba hiyo barua.

Ni mimi mwanao,
Nekoye


Shule ya Wasichana, Kitale
15 Machi 2004

Mpendwa Mama,

Hamjambo nyumbani? Sijapata jibu. Macho yangu yamepona. Kama nimekukosea, nitakuja kukuomba radhi kwa magoti shule ikifungwa, lakini barua ya kumpa daktari usiicheleweshe hadi siku hiyo. Zimebaki siku kumi na sita.

Ni mimi mwanao,
Nekoye


Kamukuywa
20 Machi 2004

Kwako mwanangu Nekoye,

Sasa hatujambo. Nilinyamaza kwa kuwa sikuweza kuona. Barua yako ilipofika, macho yangu yalikuwa yameshikana siku ya pili. Ilibidi Pauline wa jirani anisomee. Alisoma yote, hata pale pa mate na kona ya leso, na Wilkista alikuwa ameketi hapo hapo akimenya viazi. Wilkista aliinuka akaenda kumwaga maji ya beseni tulilokuwa tukinawia sote, akalisugua kwa sabuni mara mbili.

Mwanangu, niliosha mwili wa nyanya yako mwaka mzima bila kinyaa, lakini asubuhi ile nilipojibandua kope nilitapika mlangoni kwangu. Waimbaji saba wa kwaya anayoimba Wilkista wanaugua. Tumekwenda hospitali na tumepewa matone.

Nilipopata nafuu nilienda kwa Wangila nikamwambia jina la mama yake utaendelea kuwa nalo, lakini miwani haikufai. Alikasirika, akauliza nani atavaa. Nikamwambia aivae yeye. Akaangalia macho yangu yalivyo bado mekundu, akaacha kubisha.

Barua ya kumpa daktari nimeifunga humu, na sahihi yangu iko chini.

Mama yako


Shule ya Wasichana, Kitale
2 Aprili 2004

Mpendwa Mama,

Nakusalimu, na shangazi, na kwaya yote. Nafurahi kwamba mmepona.

Miwani mpya ilifika siku mbili kabla ya mtihani. Nilikaa safu ya tatu nikasoma ubao wote, hata vipeo vidogo juu ya namba. Mwalimu Kimaiyo amerudisha karatasi leo: nimepata sitini na nane, na kwenye Fizikia nabaki.

Ila siku ile nilipoivaa mara ya kwanza, nilienda moja kwa moja bwaloni. Sufuria ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kila siku, huwekwa chini mbali na meza yetu, na ndani yake niliona kitu cheusi kinaelea, kisha vingine, vingi, vimefunika mchuzi wote. Nikamwuliza mpishi. Akasema ni wadudu wa maharagwe, wako hapo kila siku, na wamekwisha kuiva. Mama, wale wachache waliofika sahanini niliwadhania maganda ya maharagwe, nikala humo kwa miaka miwili na zaidi, tena nikiomba kuongezewa.

Nilirudi mezani nikawaeleza wenzangu. Vijiko vikasimama. Rispah akaniangalia kwa hasira.

"Bana Nekoye, si uvue tu hiyo miwani tumalize kula?"

Sikuivua. Nilianza kuwatoa wadudu mmoja mmoja, nikiwapanga ukingoni mwa sahani, na baada ya kitambo Rispah alinisukumia sahani yake.

Ni mimi mwanao,
Nekoye