Kahawa ya Posa na Vidonda Vyangu

Jumanne, 4 Machi 2014
Vidonda vinne. Kimoja kwenye ncha ya ulimi, vitatu ndani ya shavu. Leo darasani nimetamka “Malatya” kama mlevi. Mwalimu wa jiografia asiyeweza kutaja mji wake! Na Jumapili tunakwenda kwa kina Nurgül kumposa. Mama anasema ni pilipili. Yeye mwenyewe vinamtoka tangu usichana, na babu alikuwa navyo mpaka jicho moja likafa. Wenzangu wamerithi mashamba ya aprikoti — mimi vidonda hivi.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Daktari amenichoma sindano mkononi, bila dawa — nirudi Jumamosi aone ngozi itafanyaje. Nimemuuliza kama ni uchafu wa kinywa, maana napiga mswaki kama nasugua sufuria. Akacheka. Si uchafu, wala haviambukizi. Ni kinga ya mwili, askari wangu wananigeukia, na damu ya ukoo inachangia. Hata askari wangu hawanitambui!

Jumamosi, 8 Machi
Pale pa sindano pameota kipele chenye usaha. Daktari kafurahi kama kapata mtoto, ndiyo dalili aliyoisubiri. Ugonjwa wa Behçet, anasema, akijumlisha na vidonda vya kule kwingine (sitaandika!). Macho yachunguzwe mapema. Watoto je? Huenda wakarithi, wengi hawaupati.

Nimemwambia Mama nitamweleza Nurgül kabla ya posa. Kaja juu. “Ukiropoka, baba yake atatufungia mlango. Vaa pete kwanza, mwanangu.”

Nimekubali. Naona aibu.

Jumapili, 9 Machi
Naandika chooni kwa kina Nurgül. Ndiyo, chooni.

Nilisahau kahawa! Anayeposa hutiliwa chumvi na binti, anywe bila kukunja uso, wote wakimtazama. Nurgül kaleta sinia. Funda moja tu — moto! Machozi mpaka kwenye tai. Baba yake akajipiga paja kwa kicheko, akasema, “Huyu kweli anampenda binti yangu.” Mama akacheka kuliko wote. Nikamaliza kikombe. Shujaa!

Nurgül hakucheka. Nilipotoka kunawa uso akanifuata, akasema kwa sauti ya chini, “Nilikutilia sukari, Tuncay. Chumvi sikuweka hata chembe. Unaumwa nini?”

Nikakimbilia huku, nikafunga mlango. Mwanamume wa miaka thelathini na moja! Sebuleni Mama anaita, pete ziko tayari. Nurgül yuko nje hapa, naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Amemjibu Mama kwamba tunakuja, wasubiri kidogo. Hajasogea.