Fomu Iko Chini ya Sahani

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Sare ya binti yako nimeianika nyuma, uianue kabla ya mvua. Maji yakirudi, jaza ndoo zote.

Fomu ya shule iko chini ya sahani. Sijasaini. ~~Wala sitasaini.~~ Nimeshika kalamu mara mbili, nikaiweka.

Najua walivyobadilisha mipaka ya shule, mtaa wetu umetupwa kwenye shule ninayofundisha mimi. Najua pia darasa langu lina watoto tisini na mmoja, wanne kwenye dawati moja. Huna haja ya kunihesabia, majina yao nayaita mimi kila asubuhi. Lakini uandike kwenye fomu kwamba mtoto anaishi kwa shangazi yake ili abaki shule ya zamani, halafu useme mbele yake, "Pale si shule, ni zizi"? Kweli ulimi hauna mfupa.

Jana asubuhi ulipotoka, alifunga kamba za viatu, kisha akaniuliza: "Mama, kama ni zizi, wale watoto wako umewaacha humo kwa nini?"

Nikamwambia tumechelewa. Ndilo jibu nililompa mwanangu.

Ukitaka kusaini, saini. Ila kwanza mjibu wewe. Nisubirini nirudi, na mimi nataka kulisikia hilo jibu.

Maharage yapashe kwa moto mdogo, usiniunguzie sufuria tena.

Mama yake,
mwalimu wa zizini