Kishimo cha Kidevuni

Jumatatu, 3 Juni

Shija,

Nimenawa uso kwa maji ya baridi, nimepaka krimu ya daktari, nimekaa kwenye cherehani. Ndivyo ninavyoanza siku zote sasa. Vitenge vya misa yako vimefika. Bluu yenye maua ya njano. Dada yako Doto ndiye aliyechagua. Wewe ungesema ni pazia.

Najua hutayasoma haya. Naandika hivyo hivyo. Nisipoweka jina lako juu nakosa la kusema.

Keshokutwa naenda kliniki ya ngozi Nyegezi. Ile uliyonionyesha tukiwa stendi, mikono yako imejaa grisi ya mabasi, ukasema siku moja twende. Hatukwenda. Tangu tukuzike kule Bujora chunusi zimenitoka mashavu yote. Nilikuwa nikilia huku nikiziminya. Kila moja imeacha doa jeusi. Sasa zimepoa kwa krimu, madoa yamebaki. Daktari atanipaka dawa ya kubandua ngozi ya juu ili yafifie.

Misa ya mwaka ni tarehe 22. Nitasimama mbele ya kaburi lako, watu wa kwenu wote wakinitazama. Nataka uso uwe umetulia siku hiyo. Basi. Sijamwambia mtu. Mjane anayehangaika na sura kabla mwaka haujaisha, unajua watakavyosema.

Naogopa.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi. Nimefunga mlango na pazia.

Daktari ni binti mdogo, ana sauti ya chini. Alinifunga nywele kwa kitambaa, akaniwekea pamba kwenye macho, akapaka dawa kwa brashi. Mwanzo baridi. Kisha ikawasha, kama mtu aliyeshika pilipili akajisahau akajipangusa uso. Alinipepea kwa feni ya mkononi. Nilishika pindo la gauni langu nikafikiria mikono yako ulivyokuwa ukiisugua kwa mchanga na sabuni ya unga kabla ya kula.

Akanisafisha. Akaniambia, “Dada, madoa yatafifia polepole, na tutarudia mara kadhaa. Mashimo ya zamani, hata hiki cha kidevuni, hayatatoka kwa dawa hii. Nisikudanganye.” Nikamwambia sawa.

Halafu masharti. Nisibandue kwa mkono. Nisisugue na dodoki. Jua hapana. Moto wa karibu hapana. Mvuke hapana. Nipake losheni ya kuzuia jua hata nikiwa kibarazani. Ngozi yetu nyeusi ikiudhiwa inajibu kwa weusi zaidi, alisema. Hilo limenikaa kichwani njia nzima.

Alhamisi, 6 Juni

Uso unavuta, kama uji uliokaukia mkononi. Siwezi kucheka. Hakuna wa kunichekesha.

Nimepiga pasi ya mkaa nikiwa nimegeuza shingo pembeni. Nimeunguza kola ya mteja.

Nimekumbuka leo: ulikuwa unaacha macho ya samaki wa sato pembeni ya sahani yangu. Hukuwahi kuniuliza kama nayapenda. Siyapendi. Nilikuwa nayala.

Jumamosi, 8 Juni

Imeanza kubanduka. Pembeni ya mdomo kwanza, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake kuna rangi ya waridi kidogo. Najitazama mara nyingi mno. Nimegeuza kioo kikatazama ukuta, kisha nimekigeuza tena.

Doto amekuja kupimwa gauni. Sikuwa na pa kujificha. Alisimama mlangoni akapiga makofi.

“Heee, wifi! Unajimenya kama muhogo?”

Nikasema ni joto la pasi.

“Pasi gani inachagua mashavu? Kaka yangu hajamaliza mwaka, wewe umeshaanza kubadilisha rangi. Umepata nani?”

Alisema akicheka. Doto husema kila kitu akicheka. Nilimpima kiuno. Sibadilishi rangi, Shija. Nilitaka rangi yangu ileile bila madoa. Lakini ili kumwambia hivyo ningelazimika kusema yote. Nikaandika kipimo cha kiuno.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Jua limewaka tangu asubuhi, mawe ya mlima yanarudisha joto mpaka ndani ya chumba. Nimesali nikiwa nimekaa kitandani. Nimesikia wimbo wa mwisho kwa mbali.

Nimeona aibu. Sikuikimbia misa hata mwezi ule wa kwanza.

Jumatatu, 10 Juni

Mama yako amekuja.

Sikumtegemea. Nilikuwa nakata mikono ya gauni nikasikia hodi yake. Doto alimwambia uso wangu unatoka ngozi na sisemi ninaumwa nini. Ametoka Bujora alfajiri na kiroba cha majani kichwani. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera. Nilimpigia magoti, “Shikamoo, Mama.” Hakujibu marahaba. Alinishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga.

“Mbuke, hii imeanza lini?”

“Wiki iliyopita, Mama. Si kitu.”

“Si kitu,” akarudia. Akaenda jikoni.

Alichemsha mwenyewe sufuria kubwa. Alitandika mkeka, akaomba blanketi. Nililonalo ni lile lako, la kijivu. Nilijua ninachotakiwa kusema. Nina dawa usoni, mvuke hapana. Maneno hayo tu. Lakini nyuma yake angeuliza dawa ya nini, na mimi ningesema ya urembo, mwaka wa mtoto wake haujaisha. Na yeye ameshatembea. Ameshachuma. Ameshapuliza moto.

Nikaingia kwenye nyungu.

Alinifunika akashikilia kingo ili mvuke usitoke. “Vumilia, mwanangu. Itoke yote.” Alikuwa akimwomba Mungu kwa Kisukuma, kisha akimgombeza, kisha akimwomba. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya mpera. Uso ukaungua. Nikauma blanketi lako. Nilikaa mpaka aliponifunua mwenyewe.

Mjinga mimi.

Jumanne, 11 Juni

Uso umevimba. Shavu la kulia linatoa maji. Jicho halifunguki vizuri.

Mama anasema ugonjwa unatoka, ni dalili njema. Amelala hapa. Ananipikia uji wa mtama.

Sijawahi kuogopa hivi tangu ile wodi uliyolazwa.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia Mama nakwenda kununua uzi. Nimejifunika kanga nikaenda Nyegezi.

Daktari alinitazama akavaa glavu. Afadhali angenifokea.

“Nani alikufukiza?”

“Mimi mwenyewe,” nikasema.

Akanipa krimu nyingine na kidonge cha kupunguza uvimbe. Kitambaa cha maji baridi, jua marufuku kabisa. Nikamuuliza kama doa litabaki. Akasema shavu la kulia litakuwa jeusi, huenda miezi mingi, na hawezi kuniahidi litaisha lote. Hakuna kubandua tena mpaka patulie.

Miezi mingi. Misa ni wiki ijayo.

Nimenunua uzi kweli, ili nisiwe mwongo kwa yote mawili.

Ijumaa, 14 Juni

Uvimbe umeshuka. Weusi umepanda. Shavu zima la kulia, kuanzia chini ya jicho, kama mtu amenipaka masizi ya chungu kwa kiganja. Nilitaka kufuta madoa madogo, nimepata doa moja kubwa. Nimekaa nalo mbele ya kioo.

Mchana nikamsikia Mama anapuliza moto. Sufuria ileile. Akaniita nje akasema nyungu moja haitoshi, homa imerudi ndani, twende ya pili. Blanketi lilikuwa tayari begani kwake.

Nikapiga magoti pale pale uani, kwenye maganda ya ndizi.

“Mama, siumwi. Nilikwenda kwa daktari wa ngozi, akanipaka dawa ya kutoa madoa. Ngozi ilikuwa inabanduka kwa dawa. Nilitaka niwe na uso mzuri siku ya misa. Nyungu ndiyo imeunguza. Kosa ni langu, sikusema.”

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akatazama sufuria inavyotoa mvuke. Kisha akainyanyua kwa kingo za blanketi, akamwaga yote kwenye shina la mgomba. Nilijua sasa ananifukuza kwenye ukoo.

“Na Shija alisema ni mafua,” akasema.

Nikashindwa kuinua kichwa. Ulimwambia hivyo kwenye simu, nikiwa nimekaa pembeni yako, nikisikia kifua chako kinavyokwaruza. Usije, Mama, ni mafua tu. Alipokuja ulikuwa huongei tena.

“Kwa nini mnanificha? Mimi ni polisi? Yule amekwenda na mafua yake. Na wewe unaingia kwenye mvuke wangu unanyamaza, nikuue kwa mkono wangu mwenyewe?”

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini. Alilia akijifuta na blanketi lako.

Halafu akaniita. “Njoo. Hebu nione.” Akashika kidevu changu, safari hii kwa kidole kimoja.

“Hiki kishimo nacho walitaka kukitoa?”

“Hakitoki, Mama. Daktari amesema.”

“Afadhali.” Akavuta kamasi. “Alipokuja kuniambia amepata mchumba, hakutaja jina lako. Nikamuuliza ni wa nani, akasema hajui vizuri. Kwao wapi, hajui vizuri. Sasa wewe unajua nini? Akasema, ana kishimo kidevuni.”

Hukuniambia hilo, Shija. Miaka yote. Ulikuwa unaweka kidole gumba pale tukiwa tumekaa, ukisema kama abiria, “Konda, nishushe hapa.” Nilidhani ni utani wa stendi. Nilidhani unanifariji.

Na mimi nilikuwa nakichukia kishimo kile kuliko vyote.

Jumapili, 16 Juni

Mama amerudi Bujora. Aliniachia mtama. Blanketi amelifua mwenyewe.

Weusi uko palepale. Hofu imehama tu mahali. Sasa ninawaza kaburi, macho ya watu, Doto.

Nimemaliza magauni yote. Langu nimelishona la mwisho. Limenibana mabegani. Sitalirekebisha.

Jumamosi, 22 Juni

Tumemaliza. Mikono inanuka udi na maua.

Kanisani nilikaa nyuma. Kaburini hapakuwa na pa kukaa nyuma. Simenti mpya, msalaba mweupe, jua la saa sita juu kabisa. Upande ule hakuna mti. Nilisimama na losheni yangu na hofu yangu, na wanawake wa kwenu wakaanza. Nilisikia mmoja anauliza shavu lile limefanya nini. Mwingine akajibu, mkorogo huo, hana hata haya.

Mama alikuwa mbele, karibu na padri. Akageuka. Akaacha nafasi yake, akarudi mpaka nilipo, akafungua kanga yake ya mabegani akaishika juu ya kichwa changu kwa mikono miwili. Mikono yake ni mifupi, Shija. Ilibidi asimame kwa vidole vya miguu. Nikamwambia, “Mama, utachoka.” Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Mtoto wangu anatibiwa ngozi. Hatakiwi kupigwa na jua.”

Yule wa mkorogo akatazama chini. Padri akageuza ukurasa, akaendelea.

Mikono yake ilianza kutetemeka kwenye sala ya wafu. Ndipo Doto akapenya katikati ya watu na mwavuli. Mwavuli wako, ule mweusi wenye mfupa mmoja umevunjika. Akaufungua juu yetu sote wawili.

“Haya, bi harusi wa kivulini,” akaninong’oneza. “Ungesema mapema ningekuletea hema.”

Nikacheka, Mungu anisamehe. Kaburini kwako. Mama alinifinya kiunoni, kisha nikasikia tumbo lake nalo linatikisika.

Niliweka maua. Sikukuficha shavu.

Jumapili, 30 Juni

Asubuhi ya mawingu. Nimekwenda misa ya kwanza, nimerudi kwa miguu. Ziwa lilionekana kwa mbali, lina rangi ya bati.

Shavu bado jeusi. Pembeni kidogo pameanza kufifia, au ninataka kuona hivyo. Madoa ya upande wa kushoto yamefifia kweli. Daktari amesema tutatazama tena baadaye, taratibu, dawa nyepesi. Nimemwambia nitakuja na mama yangu. Mama anataka kuiona hiyo dawa kwa macho yake. Ameuliza pia kama inafaa kwa visigino.

Bado naogopa kidogo nikisogelea kioo. Si kama zamani.

Leo nimepika sato. Macho nimeyaacha pembeni ya sahani. Nikakaa nayo. Mwishoni nikayala.

Halafu nimeweka kidole gumba kidevuni. Kidole changu ni chembamba, kinazama. Chako kilikuwa kinajaa.

Kishimo kipo. Huko uliko, kama nyuso zinasahaulika, nikumbuke kwa hicho.