Winchi Moja kwa Meli Mbili

Mama yangu,

Nimefika nyumbani Ubaruku jana. Mpunga umeanikwa mpaka kwenye njia ya kanisani, nawe hupo kunifokea nisiukanyage.

Nina habari ya kukufurahisha. Ulipofariki nilikuwa fundi mdogo tu bandarini, Dar. Sasa mimi ndiye mtunzaji wa vifaa vya meli mbili za utafiti wa bahari: winchi, nyaya, na kipimo kinachoteremshwa kilindini kupima joto na chumvi ya maji. Zamani kila meli ilitaka vyake, na ikivikosa haisafiri. Nikapendekeza viwe vya wote. Bosi akacheka: "Nguo ya kuazima haisitiri matako, dada. Vikipotea safari ya kwanza, mpango wako umekufa."

Nikakumbuka sufuria za kikundi chenu cha akina mama, zile kubwa za misiba na harusi. Mtu akizirudisha, hata salamu yake ya kamwene hukuipokea. "Kamwene baadaye. Sema kwanza kilichovunjika." Akisema, hakuna faini wala kununiana, mnatengeneza pamoja. Akificha, loo, tulijua wewe ni nani! Basi nikawapa mafundi wa meli sheria yako hiyohiyo. Walinicheka mpaka wakashika mbavu.

Meli ya kwanza iliporudi nilikuwa gatini. Fundi wake mkuu, mtu mzima na mvi zake, akashuka ngazi, na kabla hata ya kunisalimia akasema, "Waya umechubuka karibu na ncha. Ni sisi."

Mama, nililia mbele za watu. Tulikata palipochubuka, tukafunga upya. Angenyamaza, safari inayofuata waya ungekatika, kipimo kingezama, na mpango wangu nao. Siku hizi bosi anawaeleza wageni kana kwamba aliuota yeye. Mwache, ilimradi meli zinasafiri.

Najivuna, sikufichi. Najivuna kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu, na inaniuma kwamba hukuwahi kuiona bahari.

Kesho narudi Dar. Meli ya pili inangoja kuondoka na vifaa vilevile, nami nitavikabidhi kwa mkono wangu. Pumzika, Mama. Nakuahidi kwamba anayekuja kwangu na ukweli hatapigiwa kelele, hata siku atakayokuja mikono mitupu kuniambia kila kitu kimebaki baharini.

Binti yako,
Faraja