Mwanga wa Pembeni na Picha ya Mama

Jumamosi, Juni 1913. Asubuhi ukungu, mchana jua kali. Nina furaha na hasira kwa pamoja, sijui niandike ipi kwanza.

Dada yangu Naomi aliolewa Tanga, na tangu hapo hajamwona mama. Amemtuma ndugu wa mumewe aje kuchukua picha, kwa sababu anasema uso wa mama umeanza kumpotea akilini. Mgeni huyo anaanza safari ya Moshi kesho alfajiri, akapande gari moshi. Nami nilikuwa nimebakiza bamba moja la kupigia picha.

Bamba moja, na kamera inayotoa ukungu.

Kamera yenyewe niliinunua karibu na boma la Wajerumani ikiwa haina lenzi. Nikaitilia kioo kinene cha taa mbovu ya misheni. Tangu hapo kila ninayempiga picha hutoka kama yuko nyuma ya mvuke wa chungu. Nimesogeza kioo mbele, nimekirudisha nyuma, wapi!

Leo nilikishika juani, juu ya ubao. Jua lilikataa kuwa nukta. Lilizungukwa na utando wa mwanga. Nikabandika karatasi katikati ya kioo, mwanga upite pembeni tu: nukta ikajikusanya karibu na kioo. Nikafunika pembeni, nikaacha tundu katikati: nukta ikahamia mbali zaidi. Kumbe mwanga wa pembeni hupinda mno, hukutana mapema, na ule wa katikati huchelewa! Nilirudia mpaka ubao ukatoa moshi.

"Siku hizi unaabudu jua, mwanangu?" mama akaniuliza.

Nikaifunika lenzi kwa karatasi yenye tundu. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera: hata mishipa ya jani la mgomba ikaonekana. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ila tundu dogo huingiza mwanga kidogo. Zamani ilitosha pumzi moja. Sasa ingebidi mama akae bila kutikisika muda wa sala ya Baba Yetu nzima, tena ya polepole.

Nikamkalisha, mikono magotini. Nikamsihi asigeuke hata nyoka akipita. Nikaanza kusali kimoyomoyo. Nyoka hakupita. Alipita jirani yetu, Mama Eliasi, na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasalimu.

Sijafika hata nusu.

Mama akageuka, akaitikia, akamuulizia ndama wake.

"Mama!"

"Sasa nimwache mtu njiani bila kumjibu?"

Picha inakauka dirishani. Mikono imetoka ajabu: kila mkunjo, hata kovu la chungu cha moto. Uso umekuwa nyuso mbili: mmoja unanitazama, mwingine umeelekea njiani, na hakuna ulio wazi.

Nilikasirika karibu nilie. Kisha nikakumbuka safari zetu za sokoni, mimi na Naomi tumemshika mama nguo, tunalia njaa, naye anasimama kwa kila anayepita.

Mgeni ataondoka nayo. Uso anaoutafuta Naomi ni upi, kama si huo unaogeuka?